Nilivyoisafisha Nyumba Siku ya Mgeni wa Keeley

Mjukuu wangu Keeley alianza kumvisha mama yake soksi akiwa na miaka tisa. Hakuna aliyemfundisha. Siku moja niliingia nikamkuta amepiga magoti sakafuni, soksi ameikunja mpaka kwenye ncha, anaiingiza polepole kama anayemvisha mtoto mchanga, na binti yangu Janine ameelekeza macho dirishani kana kwamba mguu ule si wake. Nilipita jikoni nikabandika birika. Ndivyo tulivyo watu wa mtaa wetu hapa Burslem, mji wa Uingereza wa viwanda vya vyombo vya udongo. Jambo likikushinda, unabandika birika.

Habari za Keeley nitazisema kama zilivyo, na mambo yangu nitayasema humo humo, maana bila yangu zake hazieleweki.

Ugonjwa wa Janine ni wa mishipa ya fahamu. Ulianzia vidoleni, akawa anaangusha vikombe. Mimi nilikaa kiwandani miaka thelathini na nane nikibandika mikono ya vikombe, na mtu akivunja kikombe mbele yangu husikia maneno. "Una vidole vya mbao wewe?" nilimwambia binti yangu. Miezi minne baadaye daktari akatuambia ni nini. Baada ya vidole ikaja miguu, baada ya miguu kibofu. Mumewe, Darren, alivumilia vidole na miguu. Kibofu kikamshinda, akahamia mji wa Crewe kwa mwanamke mwenye duka la mazulia, na huko ndiko aliko.

Mimi nakaa nyumba ya tatu kutoka kwao. Nyonga zangu zimekwisha zote mbili, kifua kimejaa vumbi la udongo wa kiwandani. Kupika naweza, nguo naweza kuzikunja. Kumnyanyua mtu mzima siwezi. Kwa hiyo alinyanyua Keeley. Aliamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, akamwaga mfuko wa mkojo, akamwogesha mama yake, akampa vidonge, akamhamishia kwenye kiti cha magurudumu, kisha akavaa sare akaenda shule. Mchana Janine nilikuwa namlisha mimi, mchuzi wa nyama na viazi, ule tunaouita lobi. Jioni Keeley alianza upya. Usiku aliamka mara mbili kumgeuza, ngozi isichubuke.

Na alisoma. Sijui alisoma saa ngapi. Mapenzi yake yalikuwa mawe. Nyuma ya nyumba zetu kuna shimo kubwa walikochimba udongo wa matofali zamani, na yeye alishuka mle tangu mdogo akarudi na mifuko imemvuta suruali. Siku moja aliniletea jiwe jeusi lenye alama ya jani.

"Bibi, jani hili lina miaka milioni mia tatu."

"Basi linanizidi kidogo."

"Kidogo tu," alisema. "Lakini halilalamiki nyonga."

Alipokuwa na miaka kumi na mitatu, shule ilituma barua kuuliza kama kuna mtoto anayeuguza mtu nyumbani, ili wamwandikishe. Kusoma kwangu ni kwa kukokota, ila barua ile niliikokota mpaka mwisho, na niliielewa. Janine hakuweza tena kushika kalamu, nikajaza mimi. Pale palipouliza, niliweka alama kwenye hapana. Nikatia sahihi.

Nilikuwa na sababu. Nilipokuwa msichana, nyumba ya pili kutoka kwetu walikaa watoto watatu wa ukoo wa Salt. Mama yao alikuwa mgonjwa kitandani, mkubwa akipika. Jirani akasema mahali asipopaswa kusema. Wakaja watu wawili na gari, mchana, sote tumesimama milangoni, wakawachukua watatu wale. Doreen, mmoja wao, tulikaa naye dawati moja. Sikumwona tena. Basi mtu akileta karatasi ya kuuliza mtoto wako anafanya nini nyumbani, mimi jibu ninalo kabla hajamaliza kuuliza.

Keeley sikumwambia.

Alipofika mwaka wa mwisho, aliomba chuo kikuu kimoja cha kaskazini, mwendo wa saa mbili kwa treni, kwa ajili ya mawe yake. Wakamwambia watampokea akipata A tatu kwenye mtihani wa mwisho. Hapo ndipo mwalimu wake, Bwana Sherratt, alipomwita baada ya kipindi. Tulikuwa mezani, Keeley anampa mama yake kijiko, akatueleza.

"Bibi, wana masharti mengine. A moja na B mbili tu."

"Kwa nini wakushushie? Wewe si mjinga."

"Hakuna aliyesema ujinga. Ni kwa wanaouguza watu nyumbani. Muda wa kusoma hawaupati kama wenzao, na chuo kinalihesabu hilo."

"Sadaka hiyo."

"Si sadaka."

"Mtu akikupunguzia kwa sababu anakuonea huruma, sisi tunaiitaje?"

"Bibi, wewe kiwandani, mwenzako mwenye mashine mbovu mlimdai vikombe sawa na wenye mashine nzima?"

Janine akacheka mpaka mchuzi ukamtoka. "Umepatikana, mama," akasema.

Nilipatikana kweli, nami sipendi kupatikana. Nikasema, "Haya, andika unavyotaka."

"Kuandika tu hakutoshi. Wanataka uthibitisho, kutoka shuleni au kwa ofisi inayoshughulika na wauguzaji." Akaweka kijiko chini. "Bwana Sherratt amefungua faili langu. Kuna karatasi humo inasema nyumba hii haina mtoto anayeuguza. Ina sahihi yako."

Sikuwa na birika karibu.

"Niliogopa watakuchukua," nilisema.

"Sawa. Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwezi wa saba natimiza kumi na minane, bibi. Nani atanichukua, na atanipeleka wapi?"

Hakukasirika. Alieleza kwamba mtu wa ofisi ya wauguzaji atakuja Alhamisi saa kumi jioni kutazama hali, kisha ataandika barua ya chuo. Tena huenda wakaleta msaidizi wa asubuhi na jioni, ili yeye akiondoka mama yake asibaki peke yake. Yote yalitegemea saa moja ile.

Asubuhi ya Alhamisi alipita kwangu na mkoba wake mgongoni. "Bibi, leo usiguse kitu. Acha nyumba ilivyo. Kiti cha choo kibaki pale kilipo, dawa zibaki, ile mashine ya kumnyanyua ibaki katikati ya chumba. Mgeni aone."

"Nimesikia."

"Umesikia au umekubali?"

"Nenda, utachelewa."

Sasa nisikilizeni. Mimi ni mtu ambaye mama yake alisugua ngazi ya mlango kwa jiwe kila Ijumaa mpaka wiki aliyokufa. Chumba cha mbele kwetu ni cha mgeni na cha maiti, wengine wanakaa jikoni. Nilikwenda kwa Janine saa nne nikafungua mlango, nikanusa. Harufu ile ya mkojo na dawa niliinusa kila siku, lakini siku ile niliinusa kwa pua ya mgeni. Chumba cha mbele ndicho kilichokuwa chumba cha Janine, kwa sababu hawezi kupanda ngazi. Kitanda cha hospitali, kiti cha choo, mabomba ya plastiki juu ya kabati la mama yangu. Nikasema nitafungua dirisha tu. Nikafungua. Nikasema nitafuta kabati tu.

Saa sita nilikuwa nimemwita jirani, Glenys Bloor.

"Edna, si uliniambia Keeley amesema msiguse?" Glenys aliuliza, mikono kiunoni.

"Shika upande huo."

"Naona ngazi umeshaisugua. Inang'aa kuliko meno yako."

"Meno yangu yako kwenye glasi. Shika, shoga."

Tulikibeba kile kiti cha choo, tukakipeleka nyumbani kwa Glenys, tukakifunika shuka. Mashine ya kunyanyulia tuliisukuma mpaka kibanda cha nyuma. Vidonge nikavitia ndani ya bati la biskuti. Nikatandika kitanda kwa blanketi la rangi nililolifuma mwenyewe, kikaonekana kama kochi. Nilitoa vikombe vizuri, vile vya mstari wa dhahabu, ambavyo kiwanda kilitugawia kwa sababu vina doa asiloliona mtu.

Janine alikuwa ananitazama muda wote. Nilidhani atanikataza. Angenikataza, ningeacha. Alisema, "Mama, nichane nywele."

Nikamchana.

"Na ile rangi ya mdomo. Iko kwenye droo."

Nikampaka. Alikuwa na miaka arobaini na moja, na sikuwa nimemwona akipakwa rangi ya mdomo tangu Darren aondoke. Alikuwa mzuri. Nilijua tunachokifanya. Sitasema sikujua. Tulikuwa wawili, na hakuna aliyesema jina la Keeley.

Mgeni alifika saa kumi kasorobo, Bi Rukhsana, mama wa makamo mwenye koti la kijani na viatu vya kutembelea. Nilimpa chai, na kabla hajanywa alikigeuza kisahani chini juu asome muhuri wa kiwanda. Wa hapa hapa, nikajua. Mgeni wa mbali hunywa tu.

"Bi Colclough, ulifanya kazi hapo?"

"Miaka thelathini na nane."

"Mama mkwe wangu alikuwa anapaka rangi huko." Tukaongea habari za kiwanda. Halafu akatoa kalamu. "Asubuhi nani anamwamsha Janine?"

"Mimi," nikasema.

"Kuoga?"

"Mimi. Nani mwingine?"

Akatazama fimbo yangu. "Na kumnyanyua?"

"Mimi si wa sukari, mama. Nilibeba mbao za vikombe kichwani kabla hujazaliwa."

Hapo Keeley akaingia. Alisimama mlangoni na mkoba mgongoni, akatazama chumba chote polepole, blanketi, kabati, mahali pa kile kiti. Mwisho akamtazama mama yake na midomo yake myekundu.

Bi Rukhsana akamgeukia Janine. "Nataka nisikie kutoka kwako. Keeley hukusaidia vipi?"

Janine akasema, "Huosha vyombo. Ni mtoto mzuri. Kama watoto wengine."

"Anakuogesha?"

Uso wa binti yangu ukawaka mpaka masikioni. "Hapana," akasema.

"Keeley," akasema Bi Rukhsana, taratibu sana, "na wewe unasemaje?"

Alikuwa na nafasi. Neno moja tu, kwamba kiti cha choo kimefichwa, lingetosha. Lakini kulisema ilikuwa kutuita sisi wawili waongo mbele ya mgeni, na vikombe viko mezani. Mtoto yule nilimlea mimi.

"Ni kama walivyosema," alijibu.

Bi Rukhsana hakuwa mpumbavu. Mlangoni aliniambia, "Nimeingia nyumba nyingi safi, Bi Colclough. Nikiambiwa nirudi, nitarudi. Lakini siwezi kuandika nisichokiona wala nisichoambiwa." Akaniachia kadi yake. Nilimjibu ahsante, kwaheri, na angalia ngazi, imelowa.

Alipoondoka, Keeley alivua mkoba. Janine alishabanwa na haja kubwa, alikuwa anajizuia tangu saa tisa. Nilimwambia Keeley kiti kiliko, akatoka akaenda kwa Glenys, nami nilimwona kwa dirisha akirudi na kile kiti amekikumbatia, na sare yake ya shule, mchana kweupe, watu wanatoka kazini. Baba Holdcroft wa ng'ambo ya barabara alisimamisha baiskeli akampisha. Akakiweka mahali pake, akamhamisha mama yake, akafunga pazia. Nilibaki jikoni nikaosha vikombe vya dhahabu, na sikuvunja hata kimoja.

Baadaye nilimwambia, "Keeley, A tatu utazipata. Wewe una akili."

"Sawa, bibi."

"Umenichukia?"

"Nimechoka tu."

Barua ilikuja mwezi wa tano. Ilisema msaada anaoutoa Keeley ni ule wa kawaida kwa kijana wa umri wake. Aliisoma amesimama, akaikunja. Nilikuwa na ile kadi mfukoni mwa aproni. Simu ilikuwa ukutani, hatua nne. Kila siku nilisema kesho, na kila kesho nilijiona nikimwambia mwanamke yule kwamba mimi, Edna Colclough, nilisema uongo nyumbani kwa binti yangu kwa sababu niliona haya. Na kulikuwa na jambo jingine chini ya hilo, nalo ni baya zaidi, nililifungia kwa ufunguo nisilione. Sikutaka aende. Akienda, nani atanipandisha ngazi? Maana tangu mwaka uliotangulia mtoto yule alikuwa anapita kwangu pia kila usiku, ananishika kiuno, ananipandisha mpaka chumbani. Kwenye hesabu zangu nilikuwa nauguza mimi. Sikuwa nimejiweka upande wa wanaouguzwa.

Asubuhi ya mtihani wa pili wa Keeley, Janine aliteleza akaanguka kati ya kitanda na ukuta. Keeley hakumwacha. Alimtoa, akamkagua, akamwosha, akampa chai, ndipo akakimbia. Alifika dakika arobaini baada ya wenzake. Walimruhusu kuingia, lakini dakika arobaini hawakuwa nazo za kumpa.

Mwezi wa nane matokeo yakatoka. A moja na B mbili.

A moja na B mbili. Nilimwambia arudie, nikidhani masikio yangu yamekosea. Akarudia. Akapiga simu chuoni, akakaa kwenye ngazi za nyumba simu sikioni, akiwajibu "ndiyo", "hapana", "naelewa", "ahsanteni". Walimwambia wanasikitika. Vyuo vingine vilikuwa na nafasi siku ile. Kimoja kilikuwa mbali mno, na cha karibu hawafundishi mawe. Mwezi wa tisa alianza kazi kwenye ghala kubwa barabara ya Stone, kufunga mizigo, zamu ya mchana, ili asubuhi na usiku awepo.

Bwana Sherratt alikuja mwenyewe kutuambia kwamba anaweza kuomba tena, na kwamba masharti yale nafuu bado yapo kwa aliyeuguza, mradi barua ipatikane kabla ya mwisho wa mwezi wa kwanza. Safari hii sikusubiri kesho. Nilipanda basi peke yangu mpaka ofisi ya Bi Rukhsana, nikapumzika mara tatu njiani na fimbo yangu, nikakaa mbele yake nikasema yote. Nilisema saa kumi na moja na nusu. Nilisema mfuko wa mkojo. Nilisema ni nani anaogeshwa na ni nani anaogesha. Nilisema kiti kilikuwa kwa Glenys. Yeye aliandika, karatasi tatu, hakuniuliza kwa nini. Alisema tu, "Keeley sasa ni mtu mzima. Lazima asome na atie sahihi yeye."

Nilimpelekea jioni ile. Alisoma karatasi zote tatu mezani, Janine yupo, mimi nipo.

"Umesema yote," alisema.

"Yote."

"Mpaka kuogesha."

"Mpaka huko."

"Watu wa chuo watasoma hivi kuhusu mama. Watu nisiowajua."

"Keeley, wewe mwenyewe uliniambia si sadaka."

"Wakati ule nilikuwa sijaona."

"Hujaona nini?"

"Uso wake, alipoulizwa kama namwogesha."

Janine akasema, "Tia sahihi, mwanangu. Mimi si kitu. Uso wangu si kitu." Kichwa kilikuwa kinamtikisika, kama kinavyofanya akichoka.

"Nitatia," alisema Keeley. "Ngoja nimalize vyombo."

Akaziweka nyuma ya saa, pale tunapoweka barua. Wiki ya kwanza nilimkumbusha. Ya pili nikamkumbusha. Ya tatu aliniambia, kwa upole ule ule, "Bibi, mambo ya nyumba hii yabaki ndani ya nyumba hii," na nikasikia sauti yangu mwenyewe ikitoka katika kinywa cha msichana wa miaka kumi na minane. Ningemjibu kwa neno gani ambalo sikuwa nimemfundisha kinyume chake?

Siku ya mwisho ya kupeleka barua ilikuwa Jumatano, na karatasi zilikuwa bado nyuma ya saa, hazina sahihi. Alikwenda ghalani, akarudi na maumivu ya mgongo, akamwogesha mama yake, akamgeuza. Kisha akaja kwangu kunipandisha ngazi. Aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula. Sikuwa nimekula, ila angenipikia, na alikuwa amechoka.